Ajali ya Mazoezi

Wazee wetu wa pwani husema, "Ajali haina kinga." Mtu wa Ngumi, kisiwa cha Wabajuni kusini ya Kismayu, huielewa methali hii sawasawa na mtu wa Lamu au wa Unguja. Husemwa matangani ili kuwatuliza wafiwa, nasi walimu huifundisha madarasani pasipo kuichungua. Leo twataka kuipima kwa mkasa wa namna ya pekee: mtu kufa hali anajifunza kuokoka.

Tarehe 24 Juni, 2021, helikopta ya Jeshi la Ulinzi la Kenya, aina ya Mi-171, ilianguka Ole Tepesi, Kajiado, ilipokuwa ikitua. Askari wasiopungua 10 walifariki. Hapakuwa na vita mahali pale, walikuwa mazoezini.

Miongoni mwa mazoezi ya marubani wa helikopta limo moja linaloliweka swali letu waziwazi zaidi, nalo ni kutua kana kwamba injini imezimika. Mwalimu huipunguza nguvu ya injini kwa makusudi. Papo hapo mwanagenzi hana budi kushusha wenzo, ili upepo utokao chini uendelee kuyazungusha mapanga wakati ndege ishukapo. Akiikaribia ardhi huinua pua ya ndege apunguze mwendo, kisha huitumia nguvu iliyobaki katika mapanga ili atue taratibu. Nguvu hiyo hutumika mara moja tu. Akiitumia mapema, itakwisha angali juu. Akichelewa, ataibamiza ndege chini.

Je, ni halali kumtia mtu hatarini leo ili aokoke katika siku ambayo huenda isifike? Wako wasemao kwamba si halali, kwa kuwa injini huzimika kwa nadra, ilhali zoezi hurudiwa mara nyingi. Hoja hii ni nzito. Lakini mtoto wa kisiwani hafundishwi kuogelea siku dau lilipopinduka. Rubani asiyejizoeza hataangamia peke yake. Ataangamia pamoja na abiria waliomwamini. Kwa hiyo sisi twaona kwamba zoezi ni halali, ila kwa masharti.

Kwanza, hatari ipunguzwe kila inapowezekana: mwanagenzi aanzie katika mtambo wa kuigiza urukaji, kisha ajaribu juu sana, ambako mwalimu ana nafasi ya kurudisha nguvu ya injini. Pili, anayeileta hatari aishiriki. Mwalimu wa urubani huketi ubavuni mwa mwanafunzi wake, naye ana usukani wake. Likitokea la kutokea, litawapata wote wawili. Tatu, mkasa ukishatokea, sababu yake itafutwe na isemwe, ili waliobaki wafunzike.

Sharti hili la tatu ndilo linalogongana na methali yetu. Neno "ajali" lilitoka katika Kiarabu, na asili yake ni muda uliowekwa, hasa mwisho wa uhai. Waswahili tukalipanua, likawa pia jina la kugongana kwa magari na kuanguka kwa ndege. Basi maana mbili zikakaa katika neno moja, na methali ikahama kutoka ya kwanza hadi ya pili bila ya kuaga. Muda wa mja kweli hauna kinga. Lakini chombo kisichokaguliwa kina kinga, na amri iliyotolewa kwa pupa ina kinga. Hatumtuhumu mtu yeyote kwa mkasa wa Ole Tepesi. Twasema tu kwamba faraja ya matanga isigeuzwe pazia la kufunika uchunguzi.

Wazee wale wale walisema pia, "Tahadhari kabla ya hatari." Hawakujipinga. Methali moja ni ya kumliwaza aliyefiwa, ya pili ni ya kumwajibisha aliye hai. Tuwafundishapo vijana, tuziandike zote mbili ubaoni, kisha tuwaulize: ipi huambiwa mjane, na ipi huambiwa mkubwa aliyetoa amri?