Hotuba ya Ijumaa: Kitanda cha Haji

(Karatasi hii isomwe nyumbani, isisomwe wakati imamu yuko juu ya mimbari. Ndani yake mna jina la Mwenyezi Mungu: isifungiwe karanga wala kutupwa njiani.)

HOTUBA YA KWANZA

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Bwana wa Nyumba ya Kale, aliyemwamuru Nabii Ibrahimu (a.s.) awatangazie watu Hija, nao wakaitika kutoka kila bonde la mbali. Sala na salamu zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), na watu wa nyumba yake, na masahaba wake wote.

Ama baad. Enyi waja wa Mwenyezi Mungu, ninawausia ninyi pamoja na nafsi yangu kumcha Allah kwa siri na kwa wazi. Mola wetu, alipotaja Hija katika Suratul Baqara, aya ya 197, alituamuru tuchukue masurufu ya njiani, kisha akatufahamisha kuwa masurufu yaliyo bora ni ucha Mungu. Ametaja yote mawili. Basi asije mtu akasema kwamba kuzungumza habari ya pesa na vitanda juu ya mimbari ni mambo ya dunia.

Ndugu zangu Waislamu, kila mwaka watu hunijia baada ya sala na swali moja lenye sura nyingi. Huyu anasema: Shehe, nauli ninayo, ya viza ninayo, lakini hoteli ya karibu na Haram imenishinda, je, ningoje mwaka mwingine? Yule anasema amepata mtu wa kumkopesha ili alale mahali anapoiona Al-Kaaba dirishani. Na mama mmoja aliuliza kwa sauti ya chini kama Hija ya mwenye kulala mbali ina upungufu. Leo tuwajibu wote watatu, na wa kwanza kujibiwa awe huyo mama.

Mama, Hija yako haina upungufu. Nguzo za Hija ni kuhirimia, kusimama Arafa, kutufu, kusai, na kunyoa au kupunguza nywele; kitanda hakimo. Katika Madina, watu wa Banu Salima walikuwa na nyumba zao mbali na Msikiti wa Mtume. Karibu na msikiti palipopatikana nafasi, wakataka kuhamia. Mtume (s.a.w.) akawaambia wabaki katika makazi yao, kwa kuwa nyayo zao zinaandikwa. Hadithi hii imo katika Sahihi Muslim. Wazee wetu wa Kasongo waliotoka mashambani alfajiri kuja Ijumaa kwa miguu, nadhani hawakuhitaji kufasiriwa maneno hayo.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hawalijui. Tumesikia kwamba sala moja katika Msikiti Mtukufu wa Makka ni bora kuliko sala laki moja mahali pengine. Wako wanazuoni, na miongoni mwao ni Ata bin Abi Rabah, mwanachuoni wa Makka na mwanafunzi wa masahaba, waliosema kwamba fadhila hiyo imeenea katika eneo lote la Haram, si ndani ya kuta za msikiti peke yake. Mtaa wa Aziziya, ambako watu wa bei ndogo hupelekwa na kuona kama wamefukuzwa, umo ndani ya mipaka ya Haram. Mina pia imo. Kusali pamoja na jamaa mbele ya Al-Kaaba kuna utukufu wake, hakuna anayebisha. Lakini mzee mwenye magoti mabovu aliyesali Alasiri katika msikiti wa mtaani Aziziya asilie kwamba amekosa kila kitu.

Sasa tumjibu anayengoja. Mwenyezi Mungu amefaradhisha Hija kwa mwenye uwezo wa njia, Suratu Al Imran, aya ya 97. Wanazuoni wa madhehebu yetu ya Shafi wameufafanua uwezo huo: chakula cha safari, kipando cha kwenda na kurudi, matumizi ya unaowalisha mpaka urudi, na madeni yawe yamelipwa. Hawakutaja kulala chini ya mnara wa saa. Mnara huo wenye urefu wa mita 601 umekamilika mwaka 2012, hapo ilipokuwa ngome ya Ajyad ya Waturuki iliyobomolewa mwaka 2002. Umati wa Muhammad umehiji miaka zaidi ya 1,300 kabla haujajengwa. Ikiwa pesa zako zinatosha kitanda kimoja katika chumba cha watu wanne kule mbali, na watoto wako wana chakula, wewe ni mwenye uwezo. Usiitazame hoteli usiyoiweza ukaifanya kuwa udhuru. Mwaka mwingine huenda pesa zikaongezeka na magoti yakapungua.

Na wewe unayetaka kukopa kwa ajili ya dirisha, sikia jinsi Mtume (s.a.w.) alivyofikia Makka, mji aliozaliwa. Usama bin Zayd alimwuliza atashukia wapi. Akajibu kwa kuuliza kama Aqil amewaachia nyumba yoyote, kwa sababu Aqil mwana wa Abu Talib alikuwa ameziuza. Basi akapiga hema katika bonde. Mbora wa viumbe alilala ndani ya hema katika mji wake mwenyewe. Wewe unauza mabati ya nyumba ya mama yako ili uione Al-Kaaba ukiwa kitandani?

Jambo hili la nyumba za Makka wanazuoni walilizungumza zamani sana. Wako waliochukia kabisa haji kutozwa kodi, wakitegemea aya ya 25 ya Suratul Hajj, isemayo kwamba mkaaji na mgeni ni sawa pale. Imepokewa kwamba Sayyidna Umar (r.a.) aliwakataza watu wa Makka kuziwekea milango nyumba zao wakati wa Hija, ili mgeni ashukie apendapo. Imamu Shafi aliruhusu kodi, na hoja yake ni hiyo habari ya Aqil: kama aliuza na uuzaji wake ukakubaliwa, basi nyumba ni mali ya mtu. Sisi tunafuata hilo. Lakini lisitusahaulishe kwamba mgeni anayelipishwa ni mgeni wa Allah.

Nasema maneno yangu haya, na ninamwomba Mwenyezi Mungu atusamehe mimi na ninyi. Mwombeni msamaha, hakika Yeye ni Mwingi wa kusamehe.

HOTUBA YA PILI

Alhamdulillah, na sala na salamu zimfikie Mtume wetu.

Ndugu katika imani, bei ndogo si aibu. Aibu ni uongo unaotiwa ndani ya bei ndogo. Mtume (s.a.w.) alipita sokoni penye rundo la nafaka, akaingiza mkono, vidole vikakuta unyevu chini. Mwenye mali akasema imenyeshewa na mvua. Mtume akamwuliza kwa nini hakuiweka juu watu waione, kisha akatoa hukumu nzito: mwenye kughushi si katika sisi. Sasa mtu anaposimama mbele ya wazee akasema "hoteli iko karibu na Haram", naye anajua kwamba ni safari ya basi, huo ndio unyevu wa chini. Na wazee wale wametoa pesa ya mawese ya miaka 10.

Kwa hiyo tujifunze kuingiza mkono katika rundo. Neno "karibu" halina maana mpaka liwe na mita. Uliza mita ngapi, na uliza zinahesabiwa mpaka wapi, kwa sababu wengi huhesabu mpaka ukingo wa uwanja wa nje, na kutoka hapo mpaka Al-Kaaba kuna mwendo mwingine katikati ya watu maelfu. Akikwambia "dakika tano", uliza ni miguu ya nani. Makka ni mji wa mabonde na vilima: mita 600 za mteremko wa Ajyad humchosha mzee kuliko kilomita moja ya tambarare, maana mteremko wa kwenda ni mlima wa kurudi. Dai jina la hoteli na jina la mtaa, umpe kijana wako alitafute kwenye ramani ya simu. Picha ya kitanda kizuri haionyeshi mlima.

Misfala, kwa upande wa barabara ya Ibrahim al-Khalil, kuna hoteli nyingi za watu wa kawaida, na ukipata iliyo upande wa karibu unaweza kutembea. Aziziya ni mbali na Haram, lakini iko jirani na Mina na Jamarat. Siku za kutupa mawe mwenye kukaa Aziziya humshinda mwenye kukaa mnarani. Shida yake ni basi. Siku za karibu na tarehe 8 Dhul Hijja, umati ukizidi, mabasi ya kupeleka watu Haram husimamishwa, na teksi hupandisha bei. Muulize kiongozi wa msafara siku hizo atafanya nini, na asiyekuwa na jibu bado hajajitayarisha kuongoza watu.

Tena hesabuni siku. Kuanzia tarehe 8 mpaka 12 au 13, haji yuko Mina, Arafa na Muzdalifa, ndani ya hema au chini ya mbingu. Chumba cha Makka siku hizo hulaza mabegi tu. Mtu analipa bei ya juu kwa chumba cha karibu, na usiku wenye bei kubwa zaidi halali humo! Kwa anayekwenda Umra mambo ni mengine. Yeye achague mwezi kabla ya kuchagua hoteli. Ramadhani, na hasa kumi la mwisho, kitanda cha mbali hupanda kuliko cha karibu cha miezi iliyotulia kama Safar. Na Madina ni nchi tambarare. Hoteli ya bei ndogo iliyo nyuma kidogo ya zile za mstari wa mbele haimwumizi mtu.

Lifti. Wengi hawaifikirii. Jengo lina ghorofa 12 na lifti mbili, na watu wote wanataka kushuka kabla ya adhana. Mama mzee akisubiri nusu saa, jamaa imempita. Ombeni ghorofa za chini. Mtume (s.a.w.) alipofika Madina mwaka 622 na kushukia kwa Abu Ayyub al-Ansari, alichagua kukaa chini kwa kuwa ni wepesi kwa wanaomjia. Abu Ayyub na mkewe walikuwa juu; mtungi wa maji ulipovunjika, waliyakausha maji kwa shuka lao ili yasimdondokee Mtume. Mwishowe walimsihi ahamie juu. Hiyo ndiyo adabu ya watu wanaolala nyumba moja.

Bei ndogo ni bei ya kitanda, si ya chumba, na kitanda kina majirani. Katika chumba cha wanne, wanaume hulala na wanaume na wanawake na wanawake. Mume na mke walijue hilo kabla ya kuondoka, wasije wakagombana uwanja wa ndege wa Jidda. Katika Suratun Nisaa, aya ya 36, tumeamriwa kumfanyia wema mwenzi aliye ubavuni, na baadhi ya wafasiri wamesema huyo ni mwenzako wa safari. Anakoroma, mstahimilie. Wewe huzima taa saa tatu, yeye anasoma Qurani, tafuteni njia. Na msipike samaki wa chumvi chumbani. Harufu ni jambo moja, moto ni jambo jingine, na hoteli nyingi zimekataza.

Kuna bei ndogo ambayo lazima tuikimbie. Tarehe 5 Januari 2006, siku chache kabla ya Arafa, nyumba ya kulaza wageni karibu na Msikiti Mtukufu iliporomoka, na watu zaidi ya 70 walikufa, wengine wakiwa wapita njia. Msilale katika jengo lisilo na kibali cha serikali kwa sababu tu ni rahisi. Na Juni 2024, katika joto lililopita digrii 50, walikufa mahujaji zaidi ya 1,300. Serikali ya Saudia ilisema zaidi ya 80 katika kila 100 ya waliokufa hawakuwa na kibali cha Hija. Walikuwa wamelipa bei ndogo, wakaingia kwa viza nyingine, na asiye na kibali hana hema Mina, hana basi, hana mahali pa kuingia jua linapowaka. Mwenyezi Mungu awarehemu wote. Mtu akikuletea safari nusu ya bei bila viza ya Hija, hata awe shemeji yako, mrudishie karatasi zake. Mola ametukataza tusijitie wenyewe katika maangamizi.

Ninyi mnaokusanya pesa za watu, wengine mmo humu mstari wa mbele. Aya ndefu kuliko zote katika Qurani, ya 282 ya Suratul Baqara, ni ya kuandikiana. Basi andikeni: hoteli gani, mtaa gani, usiku mangapi Makka na mangapi Madina, watu wangapi chumbani, chakula kimo au hakimo, na hoteli ikibadilika nani analipa tofauti. Msome kwa Kiswahili mbele ya mashahidi, maana wengine wanatia kidole tu. Na mkipanga vyumba, msianze na mwenye kutoa dola nyingi. Tazameni nani katika msafara ana miguu dhaifu kuliko wote, mchague hoteli kwa miguu yake. Vijana watafika tu.

Anayetaka kupeleka jina mwaka huu, kabla hajatoa hata franka moja, aje na mkataba wake baada ya sala ya Alasiri, tuusome pamoja barazani.

Ewe Mola, wafikishe wanaokwenda, uwarudishe kwa watoto wao salama. Ewe Mola, waliokusanya wakadhulumiwa, waandikie nia zao na uwarudishie haki zao. Ewe Mola, wajaalie amani watu wa Kongo, wa mashariki na wa magharibi, barabara zetu zifunguke na waliokimbia warudi majumbani. Amin.

Simamisheni sala.