Mchezaji wa kulipwa: msaliti au mtimiza ahadi?

Kila msimu wa usajili unapowadia katika miji yetu, kuna neno moja ambalo halikosekani vijiweni, ndani ya daladala na hata barazani baada ya swala ya Alasiri. Neno hilo ni 'msaliti'. Mchezaji aliyebebwa mabegani mwaka jana akihama kutoka Yanga kwenda Simba, au kutoka Simba kwenda Yanga, jezi yake huchomwa moto na jina lake hutajwa kwa laana. Yule aliyetoka ng'ambo naye huitwa mamluki tangu siku ya kwanza, eti kilichomleta ni fedha na si mapenzi.

Hivi mtu anayelipwa anadaiwa uaminifu gani? Anadaiwa na nani? Na wale wanaomdai, wao wametimiza wajibu wao?

Katika mpira wa miguu kelele ni nyingi mno, ni vigumu kulitazama jambo hili kwa utulivu. Kwa hiyo naomba tulitazame kupitia mchezo mwingine ambao wasomaji wengi wa Nairobi, Mombasa, Kampala na Dar es Salaam wanaufahamu, hata kama hawauchezi. Nao ni kriketi. Mchezo huu umeishi na suala la mgeni wa kulipwa kwa zaidi ya miaka 100, tena katika klabu za mtaani.

Kaskazini mwa Uingereza kuna mkoa wa Lancashire. Huko, katika miji midogo iliyokuwa ikiishi kwa viwanda vya pamba, ilianzishwa ligi ya klabu mwaka 1892. Wachezaji wake walikuwa mafundi wa viwandani, makarani, wenye maduka na walimu. Walicheza kwa ridhaa Jumamosi mchana baada ya kazi. Lakini ligi iliiruhusu kila klabu kuajiri mchezaji mmoja wa kulipwa. Mmoja tu. Kumi waliobaki ni watoto wa mji.

Kanuni hiyo ina hekima ndani yake. Mgeni alipewa nafasi, lakini hakuachiwa nyumba nzima. Alikuja na ujuzi, watu wakajaa uwanjani kumtazama, viingilio vikaingia, na wenyeji kumi wakajifunza kwa kucheza ubavuni mwake. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone, na ndivyo ilivyokusudiwa.

Mwaka 1929 klabu ya mji wa Nelson ilimleta Learie Constantine kutoka Trinidad. Alikuwa mtu mweusi, mjukuu wa watu waliokuwa watumwa, akiingia katika mji ambao karibu wote ni Wazungu. Alikuja kwa ajili ya fedha, na hakulificha hilo. Nyumbani kwao mtu wa rangi yake, hata awe hodari vipi, milango mingi ilikuwa imefungwa mbele yake, na mkataba wa Nelson ulikuwa wa malipo makubwa kuliko ambayo wachezaji wengi wa Uingereza wenyewe waliyaota.

Mwanzo haukuwa rahisi. Watu walimkodolea macho barabarani kana kwamba ni kiumbe cha ajabu. Msimu wa kwanza ulipokwisha alifikiria kuuvunja mkataba na kuondoka. Mkewe, Norma, ndiye aliyemshawishi amalize miaka mitatu waliyokubaliana. Akamaliza, kisha akaongeza. Alikaa misimu tisa, hadi 1937, na katika misimu hiyo Nelson ilitwaa ubingwa mara saba.

Mwaka 1938 alicheza Rochdale, klabu nyingine katika ligi nyingine. Je, alikuwa msaliti? Kwa kipimo cha vijiwe vyetu, naam. Lakini Constantine aliendelea kuishi Nelson hadi mwaka 1949. Na mwaka 1969, Uingereza ilipompa heshima ya kuwa mtu mweusi wa kwanza kuingia katika baraza la juu la Bunge kwa cheo cha maisha, ilibidi achague majina ya mahali yatakayoambatana na cheo chake. Alichagua mawili: Maraval kule Trinidad, na Nelson.

Huyu ndiye 'mamluki'. Alikuja kwa ujira, akautimiza mkataba, akahama ulipokwisha, na akafa mwaka 1971 akiwa amelibeba jina la mji ule. Ni wangapi kati ya wale wanaojiita wanachama wa damu walioifanyia klabu yao nusu ya hayo?

Somo la kwanza ni hili. Ujira hauui uaminifu. Ujira ni sehemu ya ahadi, na ahadi ni deni. Sisi tuliolelewa kwa mafundisho kwamba mkataba hutimizwa na kibarua hulipwa haki yake bila kuzungushwa, hatuna sababu ya kumwona anayelipwa kuwa ni mtu wa daraja la chini. Fundi anayejenga msikiti hulipwa, wala hakuna anayesema kwamba kwa sababu amelipwa hana imani. Anayestahili lawama ni yule anayechukua ujira kisha akalipua kazi, na yule anayefanyiwa kazi kisha akala ujira wa mwenziwe.

Hata hivyo, fedha haziko za namna moja. Kuna fedha inayonunua kazi ya mtu, na kuna fedha inayomnunua mtu mwenyewe. Hapo ndipo penye mpaka.

Mtazameni Basil D'Oliveira. Alikulia Cape Town, upande wa Signal Hill, jirani na mtaa wa Bo-Kaap unaojulikana kwa misikiti yake. Kwa sheria za ubaguzi za Afrika Kusini hakuruhusiwa kuichezea nchi yake kwa kuwa hakuwa mweupe. Mwaka 1960 klabu ya Middleton, huko huko Lancashire, ilikubali kumwajiri kwa msimu mmoja. Malipo hayakuwa makubwa, na nauli ilikuwa mzigo. Watu wa kwao, maskini kwa matajiri, walichanga ili asafiri.

Kwa hiyo alipopanda ndege alikuwa na madeni mawili. Aliidaiwa kazi na klabu iliyomlipa, na alidaiwa heshima na wale waliochanga. Wiki za mwanzo zilimshinda, maana viwanja vilivyoloa mvua vilikuwa vigeni kwake. Lakini msimu ulipokwisha, wastani wake wa mikimbio ulikuwa juu ya wapigaji wote wa ligi ile, akiwemo Garfield Sobers. Alikaa Middleton misimu minne, na mwaka 1966 akaanza kuichezea Uingereza.

Mwaka 1968 Uingereza ilikuwa inajiandaa kwenda kucheza Afrika Kusini. Watawala wa ubaguzi hawakutaka kumwona uwanjani. Akafuatwa na mtu wa kampuni ya tumbaku, akaahidiwa kazi ya ukocha kwa pauni 4,000 kwa mwaka, kwa miaka 10, sharti likiwa atangaze mapema kwamba hapatikani kwa ziara hiyo. Zilikuwa fedha nyingi sana kwa mtu aliyetoka alikotoka. Hakuzichukua. Alipoteuliwa, Serikali ya Afrika Kusini ikakataa kuipokea timu yenye yeye ndani, na ziara ikafutwa. Dunia nzima ikauona ubaguzi ulivyo.

Pauni za Middleton na pauni za yule mtu wa tumbaku zilikuwa fedha zile zile, zenye picha ile ile. Zilichotofautiana ni kile kilichotakiwa kutolewa badala yake. Middleton ilitaka apige mpira. Yule wa pili alitaka awauze waliochanga nauli yake.

Hapa kwetu Afrika Mashariki tumeuona upande wa pili wa mpaka huo. Mwaka 2003 Kenya ilifika nusu fainali ya Kombe la Dunia la kriketi, jambo ambalo halikutarajiwa na yeyote. Mwaka uliofuata, Agosti 2004, Maurice Odumbe, mmoja wa nyota wake, alifungiwa miaka mitano kwa kupokea fedha kutoka kwa watu wa kamari. Mwenyewe alikanusha, lakini adhabu ilibaki. Kipindi hicho hicho wachezaji na viongozi walikuwa wakivutana juu ya malipo. Kenya iliendelea kuporomoka, na mwaka 2014 ikapoteza hadhi ya kucheza mechi za kimataifa za siku moja. Sababu za kuanguka huko ni nyingi, na si haki kumtwika mtu mmoja. Lakini funzo mojawapo ni kwamba penye malipo ya kusuasua na hesabu zisizoeleweka, mwenye fedha chafu hakosi mlango wa kuingilia.

Sasa tugeukie wenyeji, kwa sababu wao nao wana malalamiko, na mengine ni ya haki.

Fikiria kijana aliyeanza kuichezea klabu ya mtaa wake akiwa na miaka 12. Ndiye anayefika mapema kubeba vifaa, ndiye anayesukuma roli la kusawazisha uwanja. Nauli anajilipia mwenyewe. Akifika miaka 19, siku ambayo angeitwa timu ya kwanza, anakuta nafasi yake ina mtu aliyeshuka uwanja wa ndege juzi. Huyu akikasirika, tumwite mchoyo? Kijana huyu amelipa ada ya uaminifu kwa miaka saba, na klabu imeipokea bila kumrudishia chochote.

Ubaya zaidi ni pale malipo yanapofanywa kwa siri. Zipo klabu, Uingereza na kwingineko, ambazo mchezaji ameandikwa kwenye daftari kuwa ni wa ridhaa, kumbe kila baada ya mechi anapewa bahasha nyuma ya jengo. Wenziwe wanajua, lakini hakuna anayesema. Mweka hazina anaandika 'usafiri' mahali ambapo hapakuwa na usafiri. Na mgeni mwenyewe, ambaye pengine ameingia nchini bila kibali cha kazi hiyo, hana pa kushtaki siku bahasha itakapokuwa tupu. Hapo kila mmoja amedhulumiwa: mwenyeji aliyedanganywa kwamba wote wanajitolea, mgeni asiye na mkataba, na mwanachama aliyetoa mchango wake kwa ajili ya kutengeneza uwanja.

Klabu ya namna hiyo haina uso wa kudai uaminifu, kwani haukuwapo nyumbani kwake tangu awali. Mchezaji akiifuata bahasha nene zaidi mtaa wa pili, amefanya kile ambacho viongozi wake walimfundisha.

Baadhi ya watu husema dawa ni kuwafukuza wageni wote. Mimi siafiki. Tarehe 5 Juni 2024, huko Guyana, Uganda ilipata ushindi wake wa kwanza katika Kombe la Dunia la T20, dhidi ya Papua New Guinea. Katika kikosi kile walikuwamo waliozaliwa India na Pakistan, waliokuja Uganda na kuchezea klabu za huko hadi wakatimiza masharti ya kuiwakilisha nchi. Siku ile Riazat Ali Shah, mzaliwa wa Pakistan, alipata mikimbio 33, mingi kuliko mwenzake yeyote. Na aliyewabana wapinzani kwa kutoa mikimbio 4 tu na kuangusha wiketi 2 alikuwa Frank Nsubuga, mwenyeji mwenye umri wa miaka 43, aliyeutumikia mchezo huo tangu ujana wake. Mgeni pekee asingetosha, na mwenyeji pekee asingetosha.

Wala tusidhani kwamba anayecheza bila kutegemea ujira amekwisha. Mwaka ule ule wa 2003, Aasif Karim, Mwislamu wa Mombasa, alikuwa ameshastaafu kriketi na ana shughuli zake. Aliitwa, akaitika akiwa na miaka 39. Dhidi ya Australia, mabingwa wa dunia, aliangusha wiketi 3 kwa mikimbio 7 tu. Kenya ilishindwa, lakini yeye ndiye aliyetangazwa mchezaji bora wa mechi. Mtu kama huyo hanunuliwi. Hulelewa, na aliyemlea ni klabu na jamii iliyokuwa na subira naye tangu akiwa mtoto.

Basi klabu inayotaka kumleta mchezaji wa kulipwa, iwe ya kriketi, ya mpira wa miguu au ya mchezo wowote, ijipime kwa mambo matatu. Kwanza, malipo yake yanaweza kusomwa mbele ya mkutano wa wanachama bila mtu kuinamisha kichwa? Pili, mgeni huyo amewekewa katika mkataba siku za kuwafundisha watoto wa mtaa? Maana mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Tatu, je, kuna kijana wa hapa ambaye njia yake ya kufika timu ya kwanza bado iko wazi, na yeye mwenyewe anaijua?

Majibu yakiwa ni ndiyo, alipwe na ashangiliwe, na siku mkataba wake ukiisha apewe mkono wa kwaheri. Majibu yakiwa hapana, tusingoje ahame ndipo tuchome jezi. Wa kuulizwa wako ofisini, na daftari la hesabu liko mikononi mwao. Waulizwe sasa, kabla ya msimu ujao.