Kalamu ni Amana: Somo Kutoka kwa Sheikh Al-Amin



Kila sifa njema ni ya Allah (S.W.), aliyemfundisha mwanadamu kwa kalamu. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na maswahaba zake. Ama baada ya hayo:

Ndugu zangu katika imani, wahyi wa kwanza uliamrisha kusoma. Na katika Qur'ani imo sura iliyopewa jina la kalamu, ambayo mwanzoni mwake Mola anaiapia kalamu hiyo. Basi tujiulize: sisi wanafunzi, ambao kutwa tunaandika, kalamu zetu zinamtumikia nani?

Nawaleteeni mfano wa karibu. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alizaliwa Mombasa mwaka 1891. Mwaka 1930 alianzisha gazeti dogo liitwalo Sahifa, na mwaka 1932 akatoa Al-Islah, kwa Kiswahili na Kiarabu. Baadhi ya makala za Sahifa zilikusanywa katika kitabu kiitwacho Uwongozi. Alikuwa mwanachuoni wa Kiarabu, na lau angetaka angeandika kwa ajili ya wanavyuoni wenzake tu. Lakini alitaka mchuuzi na baharia nao wafahamu. Hapa kwetu Kisenyi, ambapo Msomali, Mganda na Mkongo wanapatana bei kwa Kiswahili kando ya vinu vya mahindi, tunaijua thamani ya jambo hilo.

Aliandika nini? Aliwakosoa Waislamu wenzake kwa israfu ya harusi, kwa kuiga Wazungu bila kupima, na kwa kuacha kuwasomesha watoto wa kike. Wakati huo nchi ilikuwa chini ya Waingereza, na ilikuwa rahisi kumtupia mkoloni kila lawama. Yeye alianza na nyumba yake. Baadaye, mwaka 1937, akawa Kadhi Mkuu wa Kenya mpaka alipofariki mwaka 1947.

Alimwacha mwanawe Ali akiwa na miaka kumi na minne. Huyo ndiye Profesa Ali Mazrui, aliyekuja kufundisha siasa hapa Kampala, pale Makerere. Mwaka 1966 aliandika katika jarida la Transition, lililotolewa mji huu huu, makala ya kumkosoa Kwame Nkrumah, na wengi walikasirika. Ukaja utawala wa Idi Amin. Amin alikuwa Muislamu, na Mazrui alikuwa Muislamu. Hilo halikumfanya aiuze kalamu yake. Akahitilafiana na utawala ule, na mwaka 1973 akaondoka Uganda. Baba alikosoa jamaa zake, mwana akakosoa wakubwa.

Ndugu zangu, sasa nitubie mbele yenu. Muhula uliopita, katika kikao kimoja cha wanafunzi baada ya Isha, dada mmoja aliuliza kwa nini chumba cha kuswalia wanawake kimegeuzwa stoo ya viti na spika. Baadhi ya ndugu walicheka. Mmoja akamwambia asubiri aolewe, mumewe atamtafutia pa kuswalia. Mimi nilikuwa nimekaa mbele, na ndani ya mkoba wangu mna insha ya kurasa kumi na mbili juu ya Sheikh Al-Amin na elimu ya wanawake. Sikusema neno. Nilichelea kuchekwa. Insha ile ilipata alama nzuri, na yule dada hajarudi kwenye vikao vyetu.

Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa anayeona uovu auondoe kwa mkono wake, akishindwa, kwa ulimi wake, akishindwa, auchukie moyoni, na huo ndio udhaifu wa imani. Mimi mkono ninao na ulimi ninao. Nilijiteremsha daraja mwenyewe.

Wala mtu asifahamu kuwa nahimiza matusi. Kumfedhehesha mtu kwenye kundi la WhatsApp kwa jambo ambalo hujalihakikisha si islah, ni ghiba au buhtani. Sheikh alitia jina lake kwenye maneno yake, na alitaka watu watengenee. Hiyo ndiyo tofauti: mwenye kuleta islah humkosoa mtu akiwa anampenda, na yuko tayari naye kukosolewa.

Basi, Ijumaa hii baada ya Alasiri nitakuwa pale chumbani kuhamisha viti. Ni kazi ya saa moja tukiwa watano. Na wewe dada, ukisoma haya, nisamehe. Swali lako lilikuwa la haki.

Ewe Mola, usitujaalie tuwe wenye kuandika tusiyoyatenda. Zitakase nia zetu na kalamu zetu, na uwarehemu waliotutangulia kwa elimu. Aamin.

Wabillahi tawfiq.