Mwanafunzi Mwenye Mvi

Kutafuta elimu ni jambo linalosifiwa na kila mtu, na kutafuta mali ni jambo linalofanywa na kila mtu. Walakini mtu atafutapo elimu kwa ajili ya mali husimama kati ya sifa na lawama, asijue ipi ni yake. Kijana hasumbuliwi na jambo hili. Aendapo chuoni huambiwa waziwazi kwamba asome apate kazi yenye mshahara mzuri, wala hakuna amwonaye mlafi. Lakini mtu wa makamo, mwenye kazi, nyumba na watoto, akinena maneno yale yale hutazamwa kwa jicho jingine. Wengine humcheka kwa umri wake, wengine humlaumu kwa tamaa yake. Yafaa lawama hizi mbili zipimwe, ijulikane ipi ina uzito na ipi ni upepo.

Pahali pema pa kuzipimia ni Tunduma, mji wa mpakani katika Mkoa wa Songwe, mkoa uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016. Barabara kuu itokayo Dar es Salaam na reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975, huingilia Zambia hapo, na ng'ambo ya mpaka upo mji wa Nakonde. Malori yaendayo Zambia na Kongo hupanga foleni ndefu, na kwa foleni hiyo huishi mawakala wa forodha, madereva, wabadilisha fedha, wachuuzi na wenye nyumba za wageni. Fedha hupita mbele ya macho ya watu kutwa kucha. Na ni nafuu kukosa kitu kilicho mbali kuliko kukosa kipitacho mlangoni.

Na awekwe hapo mtu mmoja wa mfano: mwalimu wa shule ya msingi, mwenye umri wa miaka 43, aliyefundisha kwa miaka ishirini. Mkewe huuza mchele sokoni, na binti yao mkubwa yu karibu kumaliza sekondari. Jioni, arudipo nyumbani kando ya malori, mwalimu huamkiwa na kijana aliyepata kumfundisha kujumlisha na kugawanya. "Shikamoo, mwalimu," husema kijana. "Marahaba, mwanangu," hujibu mwalimu. Kijana huyo sasa ni karani katika ofisi ya uwakala, na ujira wake umeupita mshahara wa mwalimu wake. Mwalimu hana kijicho. Lakini kila aitikiapo salamu ile hujiuliza kama muda wake umekwisha.

Njia mbili zi wazi mbele yake. Ya kwanza ni ndefu: asome shahada katika Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, ambacho humwezesha mtu kusoma bila ya kuacha kazi, kisha aombe kubadilishiwa muundo katika utumishi wake. Ya pili ni fupi: atafute cheti cha Afrika Mashariki cha uwakala wa forodha, ambacho nchini hufundishwa na Chuo cha Kodi, aiage shule, akajaribu bahati yake mpakani.

Lawama ya tamaa na ipimwe kwanza. Husemwa kwamba elimu ni nuru, na nuru haiuzwi. Maneno haya ni mazuri, lakini hayasemwi na mtu mwenye njaa. Mkulima wa Mbozi hupalilia mibuni yake ili apate bei, na hapana amwambiaye kwamba ameidhalilisha kahawa. Ujira ni haki ya jasho, na jasho la akili ni jasho pia. Shaaban Robert, ambaye nathari yake husomwa mashuleni hata leo, alikuwa karani wa forodha tangu 1926 hadi 1944. Mshahara wa serikali ulimlisha, wala haukuichafua kalamu yake. Kwa hiyo kutaka mshahara si dhambi. Dhambi i mahali pengine, na Tanzania ilionyeshwa mahali hapo mwezi wa Aprili 1917 ulipopita miaka mia moja, yaani 2017, Rais John Magufuli alipopokea orodha ya watumishi wa umma 9,932 walioonekana kuwa na vyeti vya kughushi. Watu hao hawakulaumiwa kwa kutaka mshahara. Walilaumiwa kwa kuutaka bila ya kutoa kitu. Mtu asomaye ili alipwe zaidi atoa ujuzi, apokea fedha. Mtu anunuaye cheti atoa karatasi, apokea fedha ya wenzake. Hapo ndipo mpaka ulipo kati ya haja na wizi, na mwalimu wetu yu upande wa salama maadamu asoma kweli.

Lawama ya umri ni nyepesi zaidi, kwa kuwa historia ya nchi yenyewe yaikana. Mwaka 1970 ulitangazwa na Julius Nyerere kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima. Hoja yake ilikuwa kwamba watoto wa shule watachelewa kuibadili nchi, hali watu wazima ndio washikao jembe na nyundo leo. Azimio la Musoma la 1974 lilikwenda mbali zaidi: mhitimu wa kidato cha sita alitakiwa afanye kazi kwanza kabla ya kuingia chuo kikuu. Utaratibu huo uliachwa baadaye, lakini kwa muda wake mwanafunzi aliyekwisha onja kazi hakuwa kichekesho; alikuwa ndiye mwanafunzi aliyetakiwa. Aibu ya mvi darasani, basi, si sheria ya maumbile. Ni desturi, na desturi huja na kwenda.

Hata hivyo umri una hesabu yake, na hesabu haina huruma. Mikopo ya elimu ya juu, kwa miongozo ya miaka ya karibuni, haimfikii mwombaji aliyezidi miaka 35. Mwalimu atalipa kwa mfuko wake. Akianza shahada na miaka 43, akaimaliza kwa miaka minne, atakuwa na 47. Mtumishi wa umma hustaafu kwa lazima akiwa na 60. Yabaki miaka 13 ya kuvuna alichopanda, ikiwa nyongeza itakuja bila kukawia. Kijana wa miaka 22 hupanda mti na kuukalia kivuli maisha yake yote. Mwalimu hupanda huku jua limekwisha pinda. Hilo si sababu ya kutopanda, ila ni sababu ya kuchagua mbegu.

Na njia fupi je? Mpaka hutoa haraka na kunyima haraka. Mwezi wa Mei 2020, wakati wa maradhi ya korona, Zambia iliufunga mpaka wa Nakonde, na mji uishio kwa kupita kwa watu ukaona maana ya watu kutopita. Siku kama hizo mshahara mdogo wa mwalimu huja mwisho wa mwezi kama kawaida. Mtu aupimapo ujira mkubwa yampasa apime na mlango uwezao kufungwa.

Lakini umri na tamaa si kiini cha jambo. Kiini ni swali ambalo wachekaji na walaumu hawaliulizi: nani alipaye? Kijana asomapo, wazazi hulipa, nao hulipa kwa furaha, kwani ndivyo ulimwengu ulivyopangwa. Mtu wa makamo asomapo, walipao ni wale walio chini yake. Ada yake hutoka katika kapu lile lile litokamo ada ya binti. Saa zake za kusoma usiku ni saa ambazo mkewe hubeba nyumba peke yake baada ya kutwa nzima sokoni. Jina litakaloandikwa katika shahada ni moja, lakini waliosoma ni wanne au watano. Basi fedha ile si yake hata aseme, "Nimeamua." Apaswa kusema, "Naomba."

Husemwa na wengine kwamba faida itawarudia wote, kwa hiyo ridhaa yao ni ya bure. Hoja hii ina hila ndani yake. Faida ya kesho ni tumaini, na gharama ya leo ni chakula. Hapana awezaye kumtoa mwenziwe chakula kwa ajili ya tumaini asilomshirikisha. Tena binti akikosa mwaka wake wa masomo, mshahara wa baba utakaopanda baada ya miaka minne hautamrudishia mwaka ule. Deni la fedha hulipika; deni la wakati wa mtoto halilipiki.

Usiku mmoja mwalimu wa mfano aliweka karatasi mezani, hesabu zote zimeandikwa. "Mama," alisema, "nataka kusoma, lakini sitaki kusoma kwa jasho lako bila wewe kujua."

Mkewe alizitazama tarakimu kwa muda. "Baba, kama mshahara haukupanda, utajuta kwa kuwa ulisoma?"

Mwalimu alifikiri, akajibu kwamba hatajuta, kwa kuwa yako mambo anayoyafundisha kwa miaka ishirini bila ya kuyaelewa sawasawa.

"Basi soma," alisema mkewe. "Ila ada ya mtoto isiguswe. Ukipungukiwa, chuo kingoje wewe, si yeye."

Katika maneno hayo hukumu yote imo. Swali la mke lilipima nia: elimu ambayo mtu angeijutia ikikosa malipo ni bahati nasibu, na mtu wa makamo hana haki ya kucheza bahati nasibu kwa mali ya watoto. Sharti lake lilipima haki: anayejiendeleza asimrudishe nyuma aliye dhaifu kuliko yeye. Mwalimu aliichagua njia ndefu, akijua kwamba huenda ikawa ndefu zaidi kuliko hesabu yake. Kesho yake jioni yule kijana wa forodha alimwamkia kama ada, naye akamwitikia, akapita na vitabu kwapani, asione haya kwa mvi zake wala kwa haja yake.