Kikombe cha Maji

Asubuhi ya mwezi wa Julai huko Mponde, katika milima ya Usambara, huoni mbali. Ukungu hulala juu ya mashamba ya chai, na baridi hupenya mpaka mifupani. Watoto hupanda na kushuka vilima kwenda shule, wengi wao hawajatia kitu kinywani. Mama amekwisha kwenda kuchuma chai, kwani mchumaji hulipwa kwa kilo, na majani hayamngoji mtu.

Nilifundisha huko. Shuleni kwetu watoto walipata uji saa nne, na kwa wengi hicho ndicho kilikuwa chakula cha kwanza. Kila mzazi alichanga mahindi na fedha kidogo ya sukari. Mwalimu wa zamu alikaa karibu na sufuria akiwa na orodha ya waliochanga. Kiwanda cha chai cha Mponde kilipofungwa mwaka 2013, fedha ziliadimika majumbani, na orodha ikafupika mwezi hata mwezi.

Siku moja, zamu ikiwa yangu, mtoto wa darasa la pili alijipanga na kikombe chake. Nilitafuta jina lake, sikuliona. Nikamwambia atoke mstarini. Hakulia wala hakubisha. Alikwenda bombani, akajaza maji, akarudi kukaa na wenzake, akawa anakunywa polepole kama wao, ili asijulikane.

Je, nilimdhulumu? Huenda msomaji akanitetea: utaratibu ulikuwa wa haki, na kumlisha mtoto ni wajibu wa mzazi. Tukitoa bure, wazazi watabweteka. Hoja hii si ya kupuuzwa. Nami niliitumia kujituliza. Lakini deni lile lilikuwa la nani? Asiyechanga ni mzazi, aliyeondolewa mstarini ni mtoto. Mtoto hakuchagua mzazi, wala hakukifunga kiwanda.

Wengine husema: basi wapewe maskini peke yao. Hiyo nayo ni orodha, ila sasa aibu inamhamia mwenye kikombe kilichojaa. Jirani zetu wa Kenya walianza mwaka 1979 kugawa maziwa ya Nyayo kwa wanafunzi wote wa shule za msingi. Mtoto wa mwenye duka na mtoto wa kibarua walishika pakiti zilezile, na hakuna aliyehitaji kuthibitisha umaskini wake. Mpango ule haukudumu daima, na hilo nalo ni funzo. Hakuna uji wa bure. Kuna uji uliokwisha kulipiwa na mtu mwingine.

Basi alipe nani? Tangu Januari 2016 Serikali yetu iliondoa ada na michango ya lazima katika shule za umma, kwa kutambua kwamba mtoto asifungiwe mlango wa darasa kwa sababu ya mfuko wa mzazi wake. Lakini chakula cha mwanafunzi wa kutwa kiliachwa kwa wazazi. Mimi naona uji ni kama chaki. Hatumwulizi mtoto aliyelipia chaki ni nani kabla ya kumruhusu kutazama ubao. Serikali na ibebe sehemu kubwa, na kijiji kiongeze shamba la shule. Asiye na mahindi alete kuni au atoe siku ya kazi. Na mzazi mzembe tumkabili sisi watu wazima, kwenye mkutano wa kijiji. Pale penye sufuria, kila kikombe kijazwe.

Wahenga walisema mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Mtoto yule sikumwita tena, ingawa sufuria ilibaki na uji. Na mimi, kabla ya kutoka nyumbani asubuhi ile, nilikuwa nimekunywa chai kwa viazi vitamu.