Kamera Ndogo na Furaha Iliyorudi



Leo tufungue kitabu cha Mwanzo, sura ya kwanza. Tumezoea kuisoma tukihesabu siku: mwanga, anga, mimea, jua na mwezi, samaki na ndege, wanyama, binadamu. Safari hii hesabu ni mara ngapi Mungu anatazama. Mara saba tunaambiwa kwamba aliona jambo ni jema, na ile ya mwisho (Mwa 1:31) ni jema sana. Halafu siku ya saba akapumzika. Yaani Mungu hakuumba tu na kupita. Alitazama.

Naliongelea hili kwa sababu mimi ni mpiga picha, na kuna kipindi kazi hii ilinikausha kabisa.

Mnaoifanya mnajua. Jumamosi harusi, Jumapili Kipaimara au Komunyo ya Kwanza, usiku unahariri. Mmoja anataka tumbo lipungue, mwingine ngozi ing'ae, mwingine mjomba aliyesinzia aondolewe. Unasimama hatua chache kutoka altareni, na kichwani unapiga hesabu ya mwanga na betri. Ilifika mahali nikishika kamera najisikia kama nimeshika jembe saa saba mchana. Nikaanza kuulizia wanunuzi. Na kwa kuwa mimi humshukuru Mungu kwa macho kirahisi kuliko kwa maneno, sala nayo ikakauka. Hilo ndilo lililonitisha.

Basi dada yangu akanizawadia Kodak Charmera. Kama hujaiona, ni kamera ya plastiki iliyotoka mwaka 2025, gramu 30 tu, unaitundika kwenye funguo. Umbo lake limeigwa kutoka Kodak Fling ya mwaka 1987, ile ya kutumia mara moja. Picha yake ni megapikseli 1.6, hata simu ya bei nafuu inaiacha mbali. Kamera za namna hii si ngeni. Huko Hong Kong walitengeneza Diana miaka ya 1960, kisha Holga mwaka 1982, zenye lenzi za plastiki na mwanga unaovuja ndani, na watu wakazipenda hivyo hivyo. Hii yangu kioo chake ni kidogo mno, hujui vizuri picha imetokaje. Wala haiunganishwi na mtandao. Picha inakaa kwenye kadi mpaka ufike kwenye kompyuta.

Jumapili moja sikuwa na mteja. Baada ya Misa ya pili nikabaki uwanjani na hicho kidude. Watoto wa Utoto Mtakatifu walikuwa wanakimbizana karibu na groto ya Bikira Maria. Nikapiga. Mama wa maandazi getini, mvuke usoni. Nikapiga. Katekista wetu mzee alikuwa anafuta miwani yake kwa pindo la shati.

"Shikamoo mzee. Naomba nikupige picha."

"Marahaba mwanangu. Na hako katoi kanapiga kweli?"

Tukacheka wote wawili. Sikumbuki mara ya mwisho nilicheka nikiwa na kamera mkononi.

Wiki iliyofuata nikampelekea picha niliyoisafisha. Ina ukungu, na upande mmoja umeliwa na mwanga. Aliitazama kimya, kisha akasema: "Miaka yote napigwa nikiwa nimesimama nyuma ya watoto wa Kipaimara. Hii ni yangu mimi." Akaitia ndani ya kitabu chake cha sala. Dah! Kuhariri usiku kucha hakujawahi kunilipa namna ile.

Vijana, nimejifunza nini hapo?

Kwanza, furaha huja tunapotazama kitu kama zawadi. Kazi ni njema, na mteja ana haki yake. Lakini moyo unahitaji pia saa ambayo hakuna anayeusubiri utoe kitu. Ndiyo maana Mungu ametupa Dominika.

Pili, tukubali ukungu. Mtume Paulo anasema kwamba kwa sasa tunaona kama kwenye kioo, kwa namna ya giza giza, lakini siku ile tutaona uso kwa uso (1 Kor 13:12). Huna picha safi ya maisha yako: ajira, mchumba, wito. Mungu anayo. Wewe piga hatua ya leo, kadi itafunguliwa kwa wakati wake.

Tatu, chombo kiwe mtumishi. Mtakatifu Carlo Acutis, aliyetangazwa na Papa Leo XIV tarehe 7 Septemba 2025, alipenda kompyuta sana, akaitumia kutangaza miujiza ya Ekaristi. Michezo ya video alijiwekea saa moja kwa wiki. Alikuwa na kiasi, na alikuwa mchangamfu.

Sisemi mkanunue kamera. Furaha haikai kwenye plastiki. Na mimi bado napiga harusi, wajomba bado wanafutwa, na kuna asubuhi sala bado ni ngumu. Ila ile kubwa sijaiuza.

Zoezi la wiki hii: tenga nusu saa baada ya Misa, simu ikae mfukoni. Tazama watu watatu wa jumuiya yenu, mmoja mmoja, kisha mwambie Mungu kimoyomoyo ni chema gani umekiona kwa kila mmoja.

Tusali: Ee Bwana, wewe ulitazama kazi zako ukafurahi. Wafanyakazi waliochoka uwarudishie furaha yao. Utupe macho ya kuona wema wako kwa jirani zetu, hata pale tunapoona kwa ukungu, hadi tutakapokuona wewe uso kwa uso. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.