Khabari za Mteja Katika Mikono ya Benki

Katika darasa letu limezuka suala, nasi tumeona tuliandike ili wapate kulizingatia na wale wasiohudhuria. Ndugu mmoja alisema: benki inapoingiliwa na wezi wa kompyuta, wakachukua majina na nambari za wateja, wala fedha ya mtu haikupungua hata senti, benki hiyo ina kosa gani? Si nayo pia imeibiwa? Na mtu aliyeibiwa hulaumiwa, au hupewa pole?

Suala hili si la upuuzi, na aliyeliuliza ni mtu wa biashara anayejua asemalo. Yatupasa basi tumjibu kwa hoja. (Suala la riba ni jingine, lina mahali pake, hapa twazungumza juu ya siri za watu tu.)

Kwanza yafaa tutenganishe vitu viwili ambavyo mtu huvipeleka benki kwa pamoja, naye asitambue kuwa ni viwili. Kimoja ni fedha. Fedha ile, ijapokuwa kwa ulimi twasema tumeiweka, kwa hakika tumeikopesha. Benki huichanganya na za wengine, ikawakopesha watu wakajengea majumba na kununulia magari, nasi tukirudi hatudai noti zile zile tulizotoa, bali kiasi chake. Hilo ni deni, na deni hulipwa hata kama mdeni ameunguliwa na nyumba. Kitu cha pili ni khabari zetu, au data kama ziitwavyo siku hizi: jina, nambari ya kitambulisho, tarehe ya kuzaliwa, jina la mama, nambari ya simu, alama za vidole, mshahara, na nani tunayempelekea fedha kila mwezi na kwa sababu gani. Hizi hatukuikopesha benki, wala hatukuiuzia. Tumeiwekesha, kwa kuwa bila ya hizo haiwezi kututambua. Kitu kilichowekeshwa namna hii mafakihi hukiita wadia, na hukumu yake ni maarufu: mwenye kuwekeshwa halipi ikiwa kimepotea pasi na uzembe wake, lakini akizembea, au akakitumia kwa jambo asiloruhusiwa, dhima yote humrudia yeye.

Kwa hiyo neno la ndugu yetu lina msingi. Mtu aliyefunga mlango akatia na komeo, kisha akavunjiwa usiku, hana lawama. Lakini shauri lote linategemea jambo moja: je, mlango ulifungwa? Na hilo halijulikani kwa kudhania vyema wala kwa kudhania vibaya. Natuangalie yaliyotokea.

Huko Marekani iko kampuni iitwayo Equifax. Hiyo si benki khasa, bali ni mwenye daftari: mabenki huipelekea khabari za madeni ya watu, nayo huwauzia wakopeshaji khabari za nani hulipa kwa wakati na nani hachelewi kuchelewa. Mwezi wa Machi 2017 ilitangazwa hadharani kuwa programu moja iitwayo Apache Struts, inayotumiwa na makampuni mengi, ina tundu, na cha kulizibia kikatolewa. Katika mtambo wake mmoja kampuni haikuliziba. Mwezi wa Mei wezi wakapita humo, wakakaa mpaka mwisho wa Julai, wakatoka na khabari za watu kiasi cha milioni 147. Watu hao walikuja kuambiwa tarehe 7 Septemba, siku 40 baada ya kampuni kugundua.

Je, huyu amevunjiwa mlango? Twaona kuwa ameambiwa na jirani kwamba komeo lake limelegea, akapewa na msumari wa kulikazia, akauweka mfukoni. Na zile siku 40 ni jambo la pili, zito kuliko la kwanza. Maana uzembe hutokea kwa usahaulifu, ama kunyamaza hutokea kwa kukusudia. Kila siku aliyewekeshwa anapokaa kimya ili alinde jina lake, mwizi yuko kazini na mwenye mali amelala.

Mfano wa pili twauona una mafunzo zaidi. Mwaka 2019 benki ya Capital One, ya huko huko Marekani, iliingiliwa na mtu aliyewahi kuajiriwa katika kampuni iliyoikodisha benki hiyo kompyuta zake. Kizuizi cha mtambo kilikuwa kimepangwa vibaya, akapenya. Benki yenyewe haikujua. Ilikuja kujulishwa na mtu wa nje mwezi wa Julai, nayo, tuseme haki, ilitangaza mwezi huo huo. Walioguswa walikuwa kiasi cha milioni 100 Marekani na milioni 6 Canada. Mwaka uliofuata serikali iliitoza benki hiyo faini ya dola milioni 80.

Lakini si ukubwa wa idadi uliotushughulisha. Sehemu kubwa ya khabari zile zilikuwa ni za maombi ya kadi za mkopo, kuanzia mwaka 2005 hadi mwanzo wa 2019. Mtu aliandika ombi lake mwaka 2005, akataja anwani yake na pato lake la siku hizo. Na miaka 14 baadaye karatasi ile bado ipo kabatini. Yangojea nini? Lau ingalichomwa ilipokwisha kazi yake, mwizi angalifungua kabati akakuta vumbi. Hapa ndipo tunapotofautiana na ndugu yetu kwa uwazi. Yeye anatazama usiku ule wa kuvunjwa mlango. Sisi twasema kosa lilitangulia, siku ile haja ilipokwisha na amana isirudishwe wala isifutwe. Tangu siku hiyo benki haikuwa tena mwenye kuwekeshwa. Ilikuwa imeishika mali ya watu bila ya idhini, na mwenye kushika mali ya watu bila ya idhini hana udhuru wa kusema ameibiwa.

Wako watakaosema kuwa hayo ni ya mabenki makubwa, na vyama vyetu vya akiba vinaendeshwa na watu tunaojuana. Basi natuwatajie Desjardins, chama cha ushirika cha Quebec, ambacho wanachama wake ndio wenyewe. Huko hakuingia mwizi wa nje. Mfanyakazi mmoja alichukua khabari kidogo kidogo kwa muda usiopungua miezi 26, hadi zikafika za watu milioni 9.7. Watazamaji wa serikali walipochunguza walikuta kuwa wafanyakazi wengine walikuwa wakizinakili khabari hizo, kwa wepesi wa kazi tu, katika hifadhi ya pamoja iliyofikiwa na huyu asiyestahili kuziona. Wakakuta tena kuwa miongoni mwa wale milioni 9.7 wamo mamilioni ambao hesabu zao zilikuwa hazitumiki tena. Yale yale ya kabati lisilosafishwa. Kujuana, kwa kweli, hakukumzuia mtu.

Sasa turudi kwa neno la "fedha ya mtu haikupungua hata senti." Nambari ya siri ikiibwa hubadilishwa. Kadi ikiibwa hufungwa, ikatolewa nyingine. Lakini mtu atabadilisha vipi siku aliyozaliwa, au jina la mama yake, au alama za vidole vyake? Khabari hizi zikitoka mara moja zimetoka kwa umri mzima. Na matumizi yake tunayaona hapa petu. Mtu hupigiwa simu, anaitwa kwa majina yake matatu, anatajiwa nambari ya kitambulisho chake, na mpigaji asema ni mfanyakazi wa benki. Kwa nini asimwamini, ilhali amemtajia ambayo benki peke yake ndiyo iliyopaswa kuyajua? Au mwizi huenda akajifanya yeye ndiye mwenye laini, akaomba ahamishiwe nambari katika kadi mpya ya simu. Akifanikiwa, kila ujumbe wa kuthibitisha malipo unamfikia yeye. Fedha ikishakwenda, aliyedhulumiwa huambiwa: ulijitakia, mbona ulimjibu? Hivyo hasara ya benki huwa imehamishiwa kwa mtu asiye na nguvu, pamoja na lawama yake.

Nchi yetu haikukaa bure katika jambo hili. Kifungu cha 31 cha Katiba ya mwaka 2010 kinalinda faragha ya mtu, na Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 yamtaka mwenye kushika khabari za watu, zikiingiliwa na ikachelewa kuwapo hatari kwa wenyewe, amjulishe Kamishna wa Data ndani ya saa 72. Twaisifu sheria hiyo, ila pahala pamoja hatuelewi. Faini yake ya utawala ni hadi shilingi milioni 5, au kampuni asilimia 1 ya mapato ya mwaka uliopita, na sheria yasema ichukuliwe iliyo ndogo. Nchi za Ulaya, katika sheria yao iliyoanza kutumika mwaka 2018, ziliweka yuro milioni 20 au asilimia 4, zikasema ichukuliwe iliyo kubwa. Benki yenye faida ya mabilioni itaogopa nini katika milioni 5? Huenda ikaona ni nafuu kulipa kuliko kukaza komeo. Mwenye duka dogo ndiye atakayetetemeka.

Baada ya kuyasema haya juu ya mabenki, si uadilifu kuinyamazia mitaa yetu wenyewe. Kwa miaka mingi wakala wa kutuma fedha alituwekea daftari mezani tuandike jina, kitambulisho na kiasi tulichotoa, na kila ajaye nyuma akasoma ya waliotangulia. Bawabu wa jengo hushika kitambulisho cha mgeni na kuandika nambari ya simu katika kitabu ambacho hakuna ajuaye kikijaa hupelekwa wapi. Orodha za wanaoomba msaada wa karo hutembezwa katika makundi ya simu, pamoja na majina ya watoto na hali za nyumba zao. Wanaofanya hivyo wana nia njema, na aliyeanikwa umaskini wake hawezi kulalamika kwa kuwa anangojea msaada.

Liko na jingine ambalo vijana wetu wamelifanya jepesi. Kampuni za kukopesha kwa simu, khasa kabla ya Benki Kuu kupewa mamlaka ya kuzipa leseni kwa sheria ya mwaka 2021, zilikuwa zikimtaka mkopaji afungue orodha yote ya nambari zilizomo katika simu yake. Akichelewa kulipa, hupigiwa shangazi yake, mwajiri wake, hata mwalimu wa mtoto wake, wakaelezwa deni lisilowahusu. Mwaka 2023 Kamishna wa Data aliitoza kampuni moja ya namna hiyo shilingi 2,975,000. Kampuni imeadhibiwa, na ni haki. Lakini twamwuliza yule kijana: nambari ya shangazi yako alikupa wewe ili umjulie hali. Ilikuwa yako kuitoa? Naye pia aliwekeshwa, akaifungua wadia ya mwenziwe kwa ajili ya shilingi elfu mbili.

Ndugu yetu aliposikia haya aliuliza mteja wa kawaida aweza nini mbele ya benki. Aweza kuuliza anapopewa fomu: khabari hii yatakiwa kwa kazi gani, na itawekwa muda gani? Sheria hiyo ya 2019 yampa haki ya kuambiwa jinsi khabari zake zinavyotumiwa, ya kuziona, ya kusahihisha zilizo na makosa, na ya kutaka zifutwe zisizo na haki ya kuwekwa. Na aliyefunga hesabu yake zamani katika benki fulani asidhani kuwa yamekwisha. Naaandike barua, aulize ni nini chake kilichobakia huko. Huenda akajibiwa kuwa sheria ya kuzuia fedha haramu yailazimisha benki kuweka kumbukumbu kwa muda usiopungua miaka saba, na jibu hilo ni sahihi. Basi aihesabu miaka yake tangu siku aliyofunga, na ikiwa imepita, aandike barua ya pili.